Kipindi cha Kupaza Sauti

Kabla sijawa mwalimu nilikuwa mtu wa jukwaani. Nilighani mashairi kwenye kumbi za Kigali, watu wakinywa chai yao, na shangazi yangu kila Jumapili akiniuliza, "Sawa, lakini kazi utaanza lini?" Nikimwambia hii ndiyo kazi, anacheka mpaka anashika mbavu. Basi shule moja ya Kanombe, jirani na kambi ya jeshi na uwanja wa ndege, iliponipa kipindi cha kughani kwa Kiswahili, nilikipenda kama mwanangu wa kumzaa. Wanafunzi walitunga wenyewe na kusema wenyewe, kwa sauti. Hakuna kunakili ubaoni.

Mkuu wa shule hakukipenda hata kidogo. "Mwalimu, kelele hizi! Darasa la hesabu hawasikilizani." Mwishowe akaamua mkaguzi aje asikilize. Akiona kina faida, kibaki. La sivyo, muhula ujao turudi kwenye imla. Nami mdomo wangu nimeurithi kwa mama, nikamjibu, "Aje! Hata kesho aje!"

Akaja. Mzee mpole wa suti ya kijivu, anayeongea kama mtu aliye katika chumba cha mgonjwa. Nikamwekea kiti mbele kabisa, ili asikose neno. Jamani, kosa gani hilo! Mimi nimekulia Tanzania, mgeni akija tunampigia vigelegele. Hapa mtoto aliyelelewa vizuri akisimama mbele ya mkubwa hushusha macho, akashusha na sauti. Watoto wale wale waliotikisa madirisha jana yake walipomwona mzee pale mbele, wakaanza kunong'ona. Wa kwanza sikumsikia hata mimi. Wa pili vilevile. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni, akatabasamu. Lile tabasamu lake! Damu ilinichemka.

Akafuata binti mmoja ambaye baba yake ni askari, yuko kazini nje ya nchi. Shairi lake lote lilikuwa kumwita huyo baba, na kila ubeti ulianza, "Baba, unanisikia?" Alilisema akitazama viatu vyake. Mzee akainama mbele, mkono sikioni.

"Sisikii, mwanangu."

Binti, maskini, akazidi kunong'ona, kwa kuzidi kumheshimu.

Uthubutu niliupata wapi, sijui mpaka leo. Nikasema, "Mzee, samahani sana. Naomba utoke nje, ukasimame kule kwenye mlingoti wa bendera."

"Mwalimu!" mkuu wa shule akaruka. "Unamfukuza mgeni?"

"Simfukuzi. Namweka mbali. Mkubwa aliye mbali haitwi kwa kunong'ona."

Mzee akachukua kofia yake, akavuka uwanja taratibu. Nikalitoa darasa lote mpaka barazani. Nikawaambia, "Mnamwona? Anawangoja. Mtamwacha asimame bure?"

Binti akavuta pumzi.

"Baba, unanisikia?"

Weee! Mlinzi wa geti aligeuka.

"Nimerefuka, sketi imepanda juu ya magoti! Baba, unanisikia? Mama ameanza tena kuimba jikoni!"

Wenzake wakadaka kiitikio, maana wengi wao nao baba zao wako mbali. Ndege ikapaa kutoka uwanja wa ndege, ikatupita juu ikinguruma, nao hawakunyamaza. Waliipita kwa sauti. Nilikuwa nimeshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, najiona tajiri.

Kisha wakatulia kuvuta pumzi. Kule kwenye bendera, yule mzee mpole akavua kofia, akaweka viganja mdomoni, akatoa sauti ambayo sidhani hata mkewe aliwahi kuisikia:

"Ninasikia, mwanangu! Ninasikia! Sema!"

Binti akasema. Akasema beti zote mpaka wa mwisho, machozi yanamtiririka na sauti haipungui.

Mzee aliporudi, sauti ilikuwa imemkauka. Alimpa binti mkono kwanza, ndipo akamgeukia mkuu wa shule. "Kipindi hiki kisiguswe," akasema. Watoto wakalipuka kwa shangwe, na safari hii hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mimi nilishuka barazani, nikakaa chini kwenye majani, na sketi yangu nyeupe, nikacheka na kulia kwa pamoja.