Uso wa Bi Hofer

Kwa miaka ishirini na tisa Bi Marlys Hofer alifundisha maigizo ya mtu mmoja katika sekondari ya mji mdogo huko Dakota Kusini. Mwanafunzi hupewa dakika kumi, hana vazi wala kifaa. Anageuza shingo tu, tayari amekuwa mtu mwingine. Walimu wengine walieleza kwa maneno. Yeye alionyesha kwa uso. Akikunja pua, unamwona ajuza mchokozi; akilegeza taya, unamwona mchungaji anayesinzia, na darasa zima linashika mbavu.

Septemba daktari akamwambia ana ugonjwa wa neva uitwao Parkinson. Mikono bado ilikuwa mizima, lakini misuli ya uso ilikuwa inakakamaa. Hakumwambia mtu. Aliogopa mkuu wa shule angempa mwingine darasa lake, na bila darasa hilo hakujua angebaki kuwa nani.

Teagan alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, na kichekesho chake, alichoigiza watu wanane peke yake, kilipita vyote alivyowahi kufundisha Bi Hofer. Siku moja mazoezini alilalamika.

"Mwalimu, siku hizi hucheki hata kidogo. Nimekukosea nini?"

"Nakukomaza. Endelea, usinipotezee muda."

Uongo ule ulimtoka kirahisi, Mungu amsamehe.

Ikaja Jumamosi ya mchujo. Kati ya sita, wawili tu wangekwenda mashindano ya jimbo. Bi Hofer akakaa mstari wa mbele, mahali pake pa siku zote. Teagan alianza vizuri, waamuzi wakaangua kicheko. Kisha, kama alivyozoea, akamtupia jicho mwalimu wake. Akakuta uso mkavu. Sauti ya ajuza ikaingia kwa mchungaji, maneno yakamruka, akawa anamalizia ili mradi amalize. Akashika nafasi ya nne.

Kwenye korido, Bi Hofer alimweleza yote, ugonjwa na uongo wake.

"Lakini nilicheka, Teagan. Moyoni nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Hukukosea chochote."

Binti akamkagua usoni, akitafuta. Alitamani sana kuamini, na kutamani huko kulimkata Bi Hofer maini.

"Pole kwa ugonjwa, Mwalimu," akasema taratibu. "Pole sana. Ila kuhusu kucheka, usinibembeleze. Nilikuona."