Nyama Mbichi Mezani

Jamani, bado sijatulia. Mchana, hapa Guangzhou, niliingia mkahawa mpya wa nyama choma na mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Mwanza. Mhudumu akaleta sinia la nyama mbichi. Mwenzangu akaigeuzageuza, kama anavyochagua nyumbani, akaonyesha dole gumba: "Safi! Kachome, dada."

Dada akatabasamu, akawasha jiko la katikati ya meza, akaenda zake. Tukasubiri mpaka matumbo yakanguruma. Ndipo mama wa meza ya jirani akatuonyesha kwa vijiti vyake: mnachoma wenyewe.

"Yaani nilipe, halafu nipike!" akamaka mwenzangu, mikono kichwani.

Mimi kilichonishtua ni kingine. Kwao wanauza pamba mbichi, kisha yeye anapanda ndege kuja kununua kitambaa. Siku tulipouziwa sisi kilicho kibichi, tuliketi tukisubiri mwingine atuivishie.