Alama Tano za Kumkamata Bibi

Enzi zetu pale Lalago hapakuwa na mtoto aliyenunuliwa mchezo. Tuliutengeneza wenyewe, tena kwa vitu ambavyo nyumbani bado vilikuwa vinatafutwa. Gari la waya lilitembelea matairi ya ndala za baba, na ndala zenyewe zilikuwa hazijaisha. Mpira ulikuwa soksi na matambara. Msimu wa pamba ndio ulikuwa sikukuu yetu: ikishachumwa inalundikwa ndani mpaka inakaribia kenchi za paa, nasi tunapanda huko juu, tunajirusha, tunazama hadi shingoni na kutoka tukipiga chafya mfululizo. Viboko vilifuata, lakini tulivihesabu kuwa sehemu ya mchezo. Watoto wa siku hizi mchezo wao hauanzi mpaka uchajiwe, na umeme ukikatika wanakaa wanatazamana kama abiria waliochelewa basi.

Njaa ikitubana tulikwenda kwa Bibi Nkwimba, bibi mzaa baba wa rafiki yangu Kabula. Ukimwamkia "Mwadila, bibi," anakuitikia huku mkono tayari uko kwenye kapu, anakutolea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, vya kutafuna njia nzima. "Kula, ng'wanawane," alikuwa akisema, yaani mwanangu, "ila usinidanganye kwamba umeshiba." Macho yake yalikuwa mekundu muda wote. Kuni zilikuwa adimu, akina mama walipikia samadi kavu ya ng'ombe, na moshi wa samadi hauna huruma. Kila mwanamke wa umri wake pale kijijini alikuwa na macho hayohayo.

Mchezo tulioupenda kuliko yote ulikuwa wa sungusungu. Wakubwa walikuwa na sungusungu wao, walinzi wa kijiji, walioanza kwa kuwasaka wezi wa ng'ombe. Baadaye yakaanza kusemwa maneno mengine, ya chini chini, kuhusu vikongwe na uchawi. Sisi tukawa na sungusungu wetu wa fimbo za mabua ya mtama. Mmoja anaficha mbegu ya pamba ndani ya ngumi, na atakayeigusa ngumi yenye mbegu ndiye mchawi. Mchawi anakwenda kuinamia jiko la samadi mpaka macho yaive, anarudi anachechemea, tunampulizia filimbi, tunamkamata na kumfukuza mpaka ng'ambo ya korongo. Mama akiita kwamba ugali tayari, mchawi ananawa na kula nasi sinia moja. Hata Kabula alicheza. Hivyo ndivyo nilivyoukumbuka mchezo ule miaka yote, na niliukumbuka kwa utamu.

Maisha yakanipeleka Mwanza, nikawa mwandishi wa vitabu vya watoto. Juzijuzi mchapishaji wangu akaniomba nimtungie mchezo wa mezani, ile aina ambayo kila mchezaji anapewa mhusika wa kuigiza, mmoja wao anasimulia yanayotokea, na kete zinaamua kama umefaulu ulichojaribu. Niliifanya kazi ile kwa raha kubwa. Nikamwaga utoto wetu wote mle ndani: marundo ya pamba, ng'ombe waliopotea, mwalimu wa zamu na fimbo yake. Sura moja nikaiita Filimbi. Ina kadi ya Bibi wa Macho Mekundu, na kitabu cha kanuni kinasema kikundi kitakachomkamata kinapata alama tano. Nilijiona jasiri kuiandika. Niliwaambia watu kwamba mimi siwafichi vijana mambo, yaliyokuwepo ndiyo hayo.

Mchezo ulipoingia madukani, nilichukua nakala moja nikapanda basi kumpelekea Kabula, ambaye sasa anaishi Bariadi. Mama yake, ambaye tangu utotoni namwita Mayu, amehamia kwake miaka mingi sasa kwa sababu ya uzee. Nilimkuta kibarazani anamenya karanga, nami nikapiga goti kumwamkia. Nilipoinua uso niliona macho yake yamekuwa kama ya mkwe wake, Bibi Nkwimba. Moshi ni uleule.

Alasiri hiyo nikawakusanya watoto mkekani: Limi, kitinda mimba wa Kabula, na wenzake wa jirani. Simu ziliwekwa kando, nikavimba kichwa. Walicheza kwa kelele ambazo sikuwa nimezisikia tangu Lalago. Tulipofika sura ya Filimbi, Limi akarusha kete ikaangukia sita, akaruka juu.

"Tumemkamata! Alama tano!"

Kijana mmoja wa jirani akaiokota ile kadi, akaiangalia picha, akamwangalia Mayu pale alipokaa na ungo wake.

"We Limi, si ndiyo bibi yako huyu?"

Watoto wakaangua kicheko. Mayu naye akacheka, mzee wa watu, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Kabula alinyanyuka akaingia jikoni. Nilimfuata.

"Minza," akasema bila kugeuka, "hizo alama tano ni za nini?"

"Ni mchezo tu, dada. Si tulikuwa tunaucheza wenyewe?"

"Tuliucheza tukiwa watoto. Wewe umeuandika umevaa miwani."

Akaniuliza kama nakumbuka Bibi Nkwimba alivyohama. Nikamjibu kwamba ninavyojua alikwenda Maswa kwa mwanawe, kutibiwa.

"Alituona tukicheza," Kabula akasema. "Akaniita pembeni, akaniuliza, huyo mnayemfukuza anaitwa nani? Nikamwambia, anaitwa wewe, bibi. Wiki ile haikuisha, akafunga mzigo. Alijua sisi hatukulitunga hilo jina. Tulilitoa wapi, Minza?"

Nilijua tulikolitoa. Wajomba zangu walikuwa wakilitaja kwetu, mbele yangu, wakidhani mtoto hasikii. Niliona aibu, na aibu ilinifanya nizidi kujitetea. Nikasema mambo kama haya yasipoandikwa yatasahaulika, na yakisahaulika yatarudi.

"Andika, nani kakukataza?" Kabula akasema. "Ila kwenye mchezo wako kila mtoto anapewa mtu wa kuwa. Kuna mchungaji, kuna mwalimu, kuna wa sungusungu. Mbona hakuna anayepewa kuwa huyo bibi?"

Nilitoka nje nikampigia simu mchapishaji. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia ile sura ndiyo wateja wanaisifia zaidi. Nilipomkazania, akakubali tuiandike upya toleo lijalo. Zilizokwisha kuuzwa, akasema, hizo tena hatuna la kufanya.

Asubuhi yake Mayu alipika uji wa ulezi, akautia karanga alizomenya, akaanza kutugawia. Limi alipopewa kikombe chake alikitazama, akayatazama macho ya bibi yake, akakirudisha mezani.

"Nimeshiba," akasema. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu aamke.

Mayu hakuuliza shibe hiyo imetoka wapi. Alikichukua kile kikombe, akanywa yeye kwanza, funda kubwa ambalo kila mtu aliliona likishuka kooni, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, kisha akamrudishia mjukuu wake.

"Haya, ng'wanawane. Ni uji tu."

Limi akanywa. Kabula alikuwa amesimama karibu yangu, akasema polepole, macho yakiwa kwa mama yake, "Bibi Nkwimba naye alikuwa anatunywea kwanza hivyohivyo, siku zake za mwisho pale kwetu. Mama aliona."

Nilikaa na kikombe changu kikapoa. Nimezoea kuwacheka watoto wa siku hizi, kwamba hawajui kuchunga, hawajui kuamkia, hawajui hata ndala inavyogeuka tairi. Sisi tulikua tukijua mengi, na hilo la macho ya wazee tulilijua pia, maana lilisemwa ndani ya nyumba zetu. Limi hakuwahi kulisikia. Amezaliwa mjini, amelala ubavuni mwa bibi yake, amekula mkononi mwake tangu aote meno, na macho yale kwake yalikuwa macho ya bibi tu. Nililileta mimi, kwa basi kutoka Mwanza, ndani ya sanduku lenye picha nzuri.