Leo nilishindwa kuvuka daraja yenye haiko

Leo nilipiga magoti mbele ya watu, na haikuwa juu ya kusali. 😂

Niko hapa Kashebere, mu salle, nyumba ya mikutano ya parokia. Kwa mémoire yangu, kitabu ya kumaliza chuo, natafuta kujua: macho ikiona shimo yenye haiko, mwili inafanya nini? Unavaa casque kwenye macho, yenye inaonyesha picha kama ya kweli, unaona ubao mwembamba juu ya bonde. Kumbe chini ni simenti tu.

Mama Furaha, mulimaji wa maharagwe mwenye niliita ajaribu, akanirudishia casque bila kuivaa.

"Mutoto yangu, weye ulishavuka?"

Nikatikisa kichwa. Sikuvukaka hata siku moja.

"Basi vuka, nikuone."

Hatua mbili tu! Nikapiga magoti, nikashika simenti na mikono yote mbili. Watu wakacheka mpaka machozi.

Mama akavaa. Akavuka pole pole, jasho inatoka.

"Niliogopa sana," akasema. "Lakini nilitaka kufika."

Na miye nilikuwa nimeandika mu mémoire kama mwenye kuvuka haogopi! Nimeshafuta.

Kesho, mbele ya kuita mutu yeyote, miye njo navaa wa kwanza. Nitaanguka, nitarudilia, mpaka nifike.

Na weye, ungevuka? Sema ukweli.