Buluu ya Mama

Nyumbani kwetu Al Khoudh, hapa Maskati, kuna neno moja ambalo siku hizi halitamkwi bila mtu kucheka, nalo ni buluu. Zamani lilikuwa neno la kufulia tu. Mama huifunga ile poda kwenye kitambaa, huichovya katika beseni la mwisho la maji, na kanzu za Baba hutoka nyeupe kiasi cha kukutia aibu na nguo zako ulizovaa. Mashine ya kufulia tunayo, tena ya kisasa, lakini kwa kanzu za kutokea Mama haiamini hata kidogo.

Baba naye ana bunduki yake ya marisau. Ni ya zamani, ina leseni, na kwa miaka mingi haijamtisha hata njiwa. Kazi yake ni harusi. Katika razha wanaume hujipanga safu mbili, huimba, ngoma hupigwa, na wenye ujuzi hurusha silaha zao juu na kuzidaka zikishuka. Wengi hurusha panga. Baba alikuwa akirusha bunduki, tupu bila shaka, na nimekua nikiwaona wanawake wakiacha sahani za halua kukimbilia madirishani kumtazama. Mama alikuwa akijifanya hajali, huku keshawahi dirisha la mbele kuliko wote.

Kaka yangu alipoposa mtaa wa Hail, sote tulijua Baba atasimama safuni. Lakini kipupwe kile aliumwa sana, na alipoinuka kitandani mkono wake wa kulia ulibaki unatetemeka. Kikombe cha kahawa kilikuwa kikigongagonga kwenye kisahani, nasi tukisikia na kuanza kuzungumza habari za joto. Kaka alipomuuliza kuhusu razha, Baba aliitoa bunduki kabatini, akaigeuzageuza, akaonyesha mrija ulio chini ya mtutu, ule ambamo risasi hukaa zikingoja zamu yake.

"Hii haifai kutoka mbele za watu," alisema. "Tizama mrija ulivyoliwa na kutu. Mie ntakaa kitini na wazee wenzangu."

Kutu ilikuwepo kweli. Tuliishi Hail miaka mingi karibu na bahari, na ule upepo wa chumvi hausamehe chuma. Lakini Baba hajawahi kujiita mzee maishani mwake, na mimi ni mwepesi wa hasira. Nikamwambia kwa sauti kubwa kuliko adabu inavyoruhusu kwamba mrija utatengenezwa, basi. Jioni ile Mama aliniwekea mimi nyama kubwa kwenye sahani.

Nilimpigia simu fundi mmoja wa Ghubra, Mkenya, anayefanya kazi katika duka lenye ruhusa ya kutengeneza bunduki. Nikaiweka simu mezani ili Baba asikie. Baba aliondoka. Aliyebaki ni Mama, akichambua mchele.

"Hiyo si shida, dada," fundi alisema. "Chuma bado iko sawa. Ni bluu imeisha tu. Ikitiwa bluu itakuwa kama mpya. Lakini nimebanwa na kazi, mniletee wiki ijayo."

"Buluu n'nayo," Mama aliuambia mchele wake.

Nilidhani anatania. Nikamwomba Baba aufungue mrija, akaufungua shingo upande, akauacha juu ya meza ya jikoni, nami nikaendelea na mambo yangu.

Kesho yake mchana nilirudi kutoka kazini nikamkuta Baba kasimama uani, mikono nyuma, anatazama ndani ya beseni. Ndani ya beseni mlikuwa na maji ya buluu, mrija, na kanzu. Si kanzu yoyote, bali ile ya Baba ya harusi, iliyoshonwa kwa kitambaa kimoja na ya kaka. Mama alikuwa ameviloweka vyote pamoja tangu jana alasiri, kwa sababu hakuona haja ya kupoteza maji mazuri ya buluu kwa chuma peke yake. Mrija ulitoka umeenea kutu mpya yenye rangi ya manjano ya kupikia. Kanzu ilitoka na doa refu kifuani, urefu wa mrija wenyewe, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.

"Nani kakwambia chuma hutiwa buluu ya nguo?" Baba aliuliza.

"Fundi. Nimemsikia kwa masikio yangu, na binti yako shahidi."

"Mama, ile ni buluu nyengine, rangi ya kukinga chuma," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mzazi.

"Kwani buluu ziko ngapi?"

Nilitegemea Baba angecheka. Hakucheka. Alisema taratibu, "Khalas, basi. Hata kanzu imekataa," akaingia ndani. Mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Sijazoea kumwona Mama akilia, na hasira yote ikanitoka mara moja.

"Nilitaka asiwe na la kusingizia," alisema. "Mrija ukipona, atasingizia nini? Nnataka kumwona kasimama. Akishakaa kile kiti, hatoinuka tena."

Kanzu tuliipaka ndimu na chumvi tukaianika juani. Doa lilififia, halikutoka. Mrija tuliupeleka Ghubra sote watatu. Baba alikuja kwa kuwa leseni ni yake, na njia nzima alitazama dirishani. Mama alikuja kwa kuwa alitaka kumuuliza fundi kwa nini hasemi mambo yakaeleweka.

Fundi aliugeuza mrija kwenye mwanga. "Hii mliiloweka na nini?"

"Buluu," akajibu Mama. "Si ulisema buluu?"

Jamaa alicheka mpaka akashika meza. Mama akavuta mtandio wake, tayari kwa vita. Ndipo fundi akafuta macho na kusema, "Mama, usikasirike. Umenifanyia nusu ya kazi. Bluu ya kizamani yenyewe ni kutu. Unaacha chuma ishike kutu kidogo, unaichemsha kwa maji, ile nyekundu inageuka nyeusi, unasugua, unarudia. Sasa yako tu haikuwa na adabu. Imeota penye inataka."

"Umesikia?" Mama akamgeukia Baba. "Nusu ya kazi."

Baba akacheka. Alicheka kwa kifua, kile kicheko chake cha zamani, na mimi nikatazama ukutani kwa sababu machozi yalinijia mbele ya watu nisiowajua.

Tulipoufuata, safari hii na bunduki yenyewe, mrija ulikuwa mweusi wenye ubuluu wa mbali, laini. Fundi alikuwa ameusugua kwa msasa kabla ya kuanza upya, akatoa mafuta yaliyoganda ndani na kubadilisha springi iliyochoka. Alimwonya Baba asizidishe mafuta maana hushika vumbi, kisha akampa aurudishe mwenyewe kwenye bunduki. Kifuniko chake kilikuwa cha kuzungusha, chenye hesi nyembamba, na mkono wa Baba ulitetemeka ukikosa njia, ukarudi, ukakosa tena. Fundi hakunyoosha mkono kusaidia. Alianza kumuuliza Mama habari za mapishi ya biriani, na Mama akajibu kwa urefu, mpaka kifuniko kikakaa.

Siku zilizofuata nilimwona Baba uani akirusha mpini wa fagio. Mara audake, mara umponyoke. Mama alikuwa karibu naye kila mara, akianika nguo zilizokwisha kukauka.

Siku ya harusi Baba alitoka chumbani na kanzu yenye doa. Nyingine ilikuwa imepigwa pasi, inaning'inia mlangoni.

"Vua hiyo," Mama alisema. "Watu watasema sijui kufua."

"Na waseme."

Huko Hail, kwa wakwe, sisi wanawake tulikuwa ghorofani. Baba alisimama safuni ameikumbatia bunduki kifuani, na kwa jinsi alivyoishika, mrija ulilala juu ya doa sawasawa, huwezi kujua kuna kitu. Wimbo ukaenda, ngoma zikapanda, vijana wakarusha panga zao. Yeye alikumbatia tu. Nikaanza kujiambia kwamba kusimama kunatosha. Mama alikuwa kanishika mkono na kucha zake zinaniuma.

Kisha safu ikapita chini ya madirisha yetu, na Baba akairusha. Ilizunguka juani, ule weusi wa buluu ukimetameta, na chini yake akabaki yeye, mikono mitupu, doa lote wazi kifuani mbele ya ukoo wa watu. Aliidaka. Zamani alidaka kwa mkono mmoja. Safari hii alitumia yote miwili, akayumba kidogo, akasimama.

Mama aliniachia mkono. Akamgeukia mama wa bibi harusi, ambaye tulikuwa hatujamzoea bado, akamwonyesha kwa kidole.

"Unaliona lile doa?" alimwambia. "Langu lile."