Kijana Changu

Jumapili iliyopita nilipewa kusoma matangazo kanisani, nami nikamtakia jirani yetu aliyetoka kulazwa hospitali "apumzike kwa amani." Mwenyewe alikuwa ameketi benchi la tatu. Waumini wakaitikia amina, na hakuna hata mmoja aliyenisahihisha. Nikarudi nyumbani, nikajifungia ndani, mahali ninapopapenda kuliko pote duniani, na huko nikamkumbuka bibi.

Unaikumbuka miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, ndugu yangu? Huku Mbinga wanunuzi binafsi wa kahawa ndio kwanza wanaanza kuja na magari yao. Sisi watoto tulishinda tukigeuza kahawa chanjani, mikono inanuka maganda yaliyochacha, bibi yuko jikoni anakaanga usipa, vile visamaki vya ziwani. Alizaliwa kule chini ziwani. Kinyasa chake kilikuwa kama wimbo. Kiswahili alikiokota sokoni na kanisani. Mimi nilikuwa darasa la tano, mwalimu ametufundisha ngeli, basi nikajifanya polisi wa ngeli.

"Usipa hizi zimekauka vizuri," bibi alisema siku moja.

"Hawa, bibi! Wamekauka!"

"Kumbe bado wazima? Funika kikaango basi, wasinitoroke."

Tukacheka. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu.

Mwaka huo baba mdogo aliiacha kahawa, akateremka Mbamba Bay, akavuka ziwa kufuata mitumba. Wiki zikapita kimya. Tukasikia upepo umelichafua ziwa. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, bibi akapiga magoti:

"Bwana, kijana changu kimekwenda ziwani. Hakijarudi. Kitazame..."

"Kijana wangu, bibi!" nikadakia. "Hajarudi!"

Watoto wenzangu wakaangua kicheko. Sala ile bibi hakuimaliza. Katekista ndiye aliyetutoa pale kwa Baba Yetu.

Baba mdogo alirudi, amekonda, na robota lake la mitumba. Jumuiya ikaja kushukuru. Katekista akamwomba bibi aseme neno. Bibi akaninyooshea kidole, wala hakuwa na hasira.

"Aseme huyu. Yeye anajua."

Nikasali kama nafanya mtihani. Kila ngeli ilikaa mahali pake, lakini nilichoshukuru hata sikikumbuki. Tangu hapo mpaka tunamzika, bibi hakusali tena kwa sauti mbele za watu. Siku hizi nyumba ile ya bibi imejaa watoto wenye Kiswahili kilichonyooka kama rula. Nikienda natega sikio, labda mmoja atateleza aseme "kijana changu." Hatelezi mtu.

Siku ile ya shukrani watu walipotawanyika, mimi nikangoja sifa mlangoni. Mama jirani akanishika sikio, akalivuta mpaka nikasimama kwa vidole.

"Bibi yako alikuwa anaongea na Mungu. Wewe nani alikuita?"