Njia Iliyopinda Bila Sababu

Niliporudi kutoka chuo kikuu kule Uganda nilipewa meza katika ofisi ya upimaji mjini, kando ya dirisha lisilofunguka, pamoja na kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Serikali ilikuwa ikipanga viwanja vipya upande wa Temeke. Kabla ya vigingi kupigwa, bwana mkubwa wa ofisi alitaka kujua eneo lile lilikuwaje zamani: watu walikaa wapi, visima vilikuwa wapi, njia zilipita wapi. Nilikabidhiwa ramani mbili. Moja ilichorwa wakati wa Mjerumani, nyingine miaka michache baada ya Mwingereza kuishika nchi. Nizilinganishe, niende nikaone hali ya sasa, niandike taarifa ya ukurasa mmoja.

Ukurasa huo ulinichosha kuliko mitihani yote niliyowahi kufanya. Mimi ni mtu wa kulifikiria jambo mpaka lichakae mikononi. Nilizinakili ramani zote mbili kwenye karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga, nikazilaza moja juu ya nyingine, nikainama juu yake asubuhi hadi jioni.

Mchoraji wetu, mtani wangu kutoka kusini, alinitazama kwa siku kadhaa kabla ya kuniambia, "Mzaramo na ramani! Unaitazama kama mchumba. Huoi, huachi."

"Nyamaza, mla panya."

"Panya namla akaisha. Wewe hiyo karatasi utaimaliza lini?"

Sikumwambia kilichonishika. Katika ramani ya Mjerumani, njia ya miguu ilitoka kisimani ikapita kati ya minazi, imenyooka, mpaka barabara kubwa. Katika ramani ya pili njia ileile ilifika katikati ya minazi ikapinda kama kiwiko, ikazunguka, kisha ikarudi kwenye mstari wake. Ndani ya kiwiko hapakuwa na kitu. Si nyumba, si kisima, si dimbwi. Karatasi nyeupe tu. Na juu ya weupe huo bwana mkubwa alikuwa ameshapitisha mstari wa penseli: barabara mpya, imenyooka, kwa kuwa palikuwa patupu.

Watu hawazunguki mahali patupu kwa miaka thelathini. Au labda wanazunguka, nikajiambia. Labda mchoraji wa zamani alikuwa amechoka. Labda mimi ndiye ninayetafuta sababu ya kutomaliza.

Nikapanda baiskeli nikaenda. Njia ilikuwa palepale, na ilikuwa imepinda. Akina mama waliotoka kisimani na ndoo kichwani waliifuata kona ile bila kuitazama. Ndani ya kiwiko palikuwa na kichaka. Niliegemeza baiskeli kwenye mnazi, nikaingia. Sikufika mbali. Mikono ilianza kuwasha, kisha shingo, kisha kila mahali, nikatoka nikijikuna kama mwenye wazimu mpaka nyumbani kwa shangazi, ambaye hakai mbali na hapo. Ndiye aliyenilea mjini baada ya mama yangu kufariki, kisha akarudi hapa kwao.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeingia wapi wewe?" Alikuwa anacheka tayari. "Kusoma kote huko, upupu huujui?"

Alinikalisha barazani akanipaka majivu mikononi. Nikamuuliza nani aliyeuacha upupu ukamea hivyo kando ya njia ya watu.

"Hakuna aliyeuacha. Aliupanda babu yako."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Ugonjwa ulioingia baada ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, alisema, ulichukua watoto wengi kwa siku chache. Wanaume waliobaki wazima hawakuwa na nguvu ya kubeba jeneza mpaka makaburini ng'ambo ya kijito, basi wakawazika palepale, kwenye minazi, kando ya njia. Baadaye njia ilijihamisha yenyewe, maana hakuna aliyetaka kukanyaga karibu. Mpimaji wa Mwingereza alipokuja na mnyororo wake wa kupimia, babu ndiye aliyepewa kazi ya kumwongoza. Alikuwa amesikia kwamba makaburi yakishaandikwa na wapimaji hufukuliwa yakahamishwa.

"Basi akamwambia, pale hapana kitu, bwana, ni upupu tu. Wale wabeba mnyororo waliposikia upupu, nani angetia mguu?"

"Na alikuwa ameshaupanda?"

"Wiki ile ile ilipotangazwa kwamba mpimaji atakuja."

Nikauliza swali ambalo nilikuwa nimeshalijua jibu lake. "Na wa kwako, shangazi?"

Aliacha kucheka. "Wa kwangu yumo. Wa kwanza."

Nikamweleza habari ya mstari wa penseli. Nikamwambia nitaandika kwamba pana makaburi, na barabara itahama.

"Nani kakwambia? Itahama barabara, au watahama wao?"

Nikakumbuka jalada nililoliona kabatini ofisini, la makaburi yaliyohamishwa ya mtaa mwingine, lenye orodha ya masanduku ya mifupa.

"Usiandike," alisema.

"Nisipoandika, itapita juu yao."

"Msomi ni wewe, baba."

Niliandika taarifa ile nikaichana, nikaandika nikaichana. Katika moja nilitaja makaburi, nikalala nikiwaza masanduku. Katika nyingine sikuyataja, nikalala nikiwaza kijiko cha mkandarasi kikichota mchanga. Kula nilikula, lakini sikumbuki nilikula nini. Mwishowe nikaandika hivi: njia hii imepinda hapa tangu ramani ya pili, na wakazi wanaifuata hivyo mpaka leo, yafaa barabara iifuate. Kila neno lilikuwa kweli.

Bwana mkubwa aliisoma akiwa amesimama. Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, kifupi. "Inapinda kwa nini? Ndani kuna nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo, ambalo ndilo pekee lililokuwapo.

"Upupu, bwana."

Akatazama mikono yangu, ambayo ilikuwa bado na alama za kucha. "Upupu," alirudia, kama mtu aliyewahi kukutana nao. Akachukua raba akafuta mstari. Nilirudi mezani kwangu. Sikuwa nimesema uongo, wala sikujisikia kama mtu aliyesema kweli.

Mchoraji wetu, akichora ramani mpya, alipofika kwenye kona ile akainua kalamu. "Hapa katikati niandike nini?"

"Acha peupe."

Mtani ndiye hukutania siku ya msiba, na ndiye hukusaidia kuzika. Safari hii hakunitania. Akapaacha peupe.

Mwisho wa Shaabani, kabla ya mfungo, shangazi alinichukua twende tukasafishe makaburi. Anajua pa kupita: kuna mwanya upande wa pili, mwembamba, na upupu unauzunguka kama ua. Ndani, mawe madogo ya matumbawe yamelala kwenye majani. Alianzia kwenye kisiki cha mnazi, akahesabu hatua kwa sauti, akageuka, akahesabu tena, akasimama.

"Huyu hapa. Haya, anza wewe."

Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta penseli.

"Hapana karatasi," alisema. "Hesabu."

Nikahesabu. Akanirudisha nikahesabu tena, mara tatu, mpaka nikasimama aliposimama yeye. Wengine wote waliozijua hatua zile wameshakufa. Hesabu yenyewe siiandiki hapa, wala sisemi ni kona ipi. Temeke ina kona nyingi.

Sasa nanakili ramani nyingine, za upande mwingine wa mji, na midomo yangu inahesabu. Nikikosea moja naanza upya. Kisiki chenyewe kinaoza. Mwakani itabidi tuchague alama nyingine na kupima upya, kwa miguu yake, naye amesema miguu imeanza kumuuma.